Uwakili wa Mkopo

Kila ifikapo mwezi wa tatu, barua za vyuo zinapoanza kutoka, simu yangu hulia kuliko kawaida. Mtoto wa fulani kapokelewa shule ya sheria, mama mtu anauliza: tukope au tusikope? Wananiuliza mimi kwa sababu habari zilienea hapa Houston kwamba mwaka 2025 nilipokelewa na shule tatu za sheria na sikwenda hata moja. Wapo waliosema nimeingiwa na woga. Wapo waliosema mume wangu ndiye aliyenizuia, na huyo maskini wa Mungu alikuwa ameshaanza kunitambulisha kwa watu kama "wakili wangu." Basi nimeona niandike mara moja, asomaye asome, ili tukipigiana simu tuzungumze mambo mengine.

Naomba nieleweke kwamba sikuitaka sheria kwa ajili ya sifa, ingawa sifa zake nazijua, maana kwetu mtu akiwa wakili hata kuku wa jirani huambiwa. Baba yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kule Muheza, Tanga. Hakusoma sheria. Lakini jioni watu walikuwa wakimjia nyumbani na karatasi zao mkononi, awasomee na kuwafafanulia. Kila mara alianza kwa maneno yale yale: "Mimi si wakili, ila hapa pameandikwa hivi." Nimekua nikiyasikia maneno hayo barazani.

Mimi mwenyewe, baada ya kubeba maboksi miaka kadhaa kama wengi wetu, nilisomea ukalimani. Kazi yangu ni Kiswahili na Kiingereza: hospitalini, mashuleni, na zaidi katika mahakama ya uhamiaji. Wengi ninaowakalimania ni ndugu zetu kutoka Kongo. Sasa, asiyewahi kuingia katika mahakama hizi ajue jambo moja. Serikali inakuja na wakili wake. Mhamiaji naye anaruhusiwa kuwa na wakili, ila kwa gharama yake mwenyewe. Hapewi wa bure kama anavyopewa mshitakiwa wa jinai asiye na uwezo. Kwa hiyo anasimama mama wa watoto wanne, hajui Kiingereza, peke yake, na mimi pembeni yake.

Na mkalimani akishaapa, mdomo wake si wake tena. Hakimu anauliza, "Unaogopa nini ukirudi kwenu?" Mama anajibu, "Mungu anajua." Nami natafsiri: Mungu anajua. Wakili angemuuliza swali la pili, na la tatu, taratibu, mpaka lile neno analolikimbia litoke. Mimi siruhusiwi kuuliza hata moja. Sitasimulia zaidi, kesi ni za watu. Ila baada ya miaka ya kukaa kwenye kiti kile ndipo nilipoanza kuamka saa kumi alfajiri kujisomea mtihani wa LSAT, watoto wakiwa wamelala na mume yuko barabarani na lori lake, Oklahoma huko.

Mtihani niliufanya mwaka 2024, nikafaulu vizuri tu. Mwaka uliofuata zikaja barua tatu.

Kwa ndugu walioko nyumbani wanaosoma jarida hili nieleze kidogo. Marekani sheria si shahada ya kwanza. Unasoma kwanza shahada yoyote, miaka minne, kisha shule ya sheria miaka mitatu (au minne ukisoma jioni), kisha mtihani wa uwakili wa jimbo unalotaka kufanyia kazi. Na ile miaka mitatu ina bei yake. Katika shule kubwa za binafsi ada peke yake ilishapita dola 70,000 kwa mwaka, bado hujala, hujalala, hujanunua kitabu.

Shule ya kwanza iliyoniandikia ilikuwa mojawapo ya hizo zenye jina. Barua nzuri, karatasi nzito, msaada sifuri. Niliisoma mara mbili nikaiweka kando. Nina watoto wawili. Ya pili ilikuwa ya binafsi pia, mji mwingine, ikinipa nusu ya ada. Kwa hiyo ya pili mume wangu alifurahi sana, na hesabu yake ndiyo iliyotuweka mezani usiku mzima.

Tulikisia kwamba pamoja na msaada ule ningehitaji kukopa kama dola 50,000 kila mwaka, ada na maisha, kwa sababu mwanafunzi wa mchana hawezi kushinda mahakamani akikalimani. Kurahisisha mambo tukachukua riba ya asilimia 8, ingawa sehemu ya mkopo ingekuwa na riba ya juu kidogo ya hapo. Mikopo hii inaanza kuzaa riba siku ile ile unayoipokea, ungali darasani. Zile 50,000 za mwaka wa kwanza huzaa miaka mitatu, za pili miaka miwili, za tatu mmoja. Jumla riba ya 24,000. Yaani ningehitimu nikiwa na deni la dola 174,000 kabla sijapata hata kiti cha ofisi. Kulilipa kwa miaka kumi ni takriban dola 2,100 kila mwezi, na mwisho wa safari nimetoa zaidi ya 250,000. Ongeza mshahara wangu wa miaka mitatu ambao nisingeupata, kama 46,000 kwa mwaka. Mume wangu aliiweka kalamu chini akaenda kuchemsha chai.

Kuna wenzetu ambao hesabu yao inaishia kwenye neno moja tu, riba, kwa kuwa ni haramu kwao, na siwabishii. Wamejiokolea usiku mmoja wa usingizi.

Nilipowapigia simu nyumbani, kaka yangu alisema, "We kopa tu, Marekani kila mtu ana deni." Shangazi akachukua simu: "Mwanangu, dawa ya deni kulipa." Nikamwambia, "Dawa ipo shangazi, ila dozi yake ni miaka." Nyumbani aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na watu hulalamika kweli kweli. Nami nakaa nawaza: laiti wangeona dola 2,100 zikitoka kwenye mshahara wa wakili wa wanyonge.

Kwa sababu jambo lenyewe liko hapo, kwenye mshahara. Watu wanaposema mawakili wa Marekani wana hela wanasema kweli, lakini wanazungumzia mawakili wa aina moja. Jumuiya iitwayo NALP, inayofuatilia ajira za wahitimu wa sheria, huchora mishahara yao ya mwanzo, na mchoro huo una nundu mbili kama ngamia wa Asia. Nundu ya kulia ni ya kampuni kubwa za mawakili zinazohudumia mabenki na makampuni. Kwenye nyingi ya hizo wakili mpya huanza na dola 225,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwishoni mwa 2023. Nundu ya kushoto ni ya wengine wote, wanaoanza na 60,000, 70,000, 90,000. Katikati pana bonde. Shule zikikutajia wastani, wastani huo huangukia bondeni, mahali ambapo wanaolipwa hivyo ni wachache sana.

Kazi niliyoitaka mimi, ya kukaa na yule mama na kumuuliza swali la pili, iko kwenye nundu ya kushoto, tena upande wa chini. Matangazo ya kazi niliyoyasoma mwaka ule kwa mashirika ya uhamiaji hapa Texas yalitaja 65,000. Toa kodi, unabaki na kama 4,400 kwa mwezi. Toa 2,100 za deni. Toa kodi ya nyumba. Toa dola 250 ninazomtumia baba kila mwezi, na ada ya mdogo wangu wa mwisho, na michango ya harusi na misiba ambayo hakuna aliye huku asiyeijua. Utaona mwenyewe kinachobaki. Ipo mipango ya serikali ya kukupunguzia malipo kulingana na kipato na watu unaoishi nao, lakini fomu haina mstari wa baba aliyeko Muheza. Kwa mkopeshaji wa Kimarekani, wazazi wetu hawapo duniani.

Ndipo nilipoelewa kwamba deni lingeamua mimi niwe wakili wa nani. Ningehitimu na moyo wangu ule ule, halafu mwezi wa kwanza wa malipo ukifika ningefanya alichofanya kila mtu mwenye akili: ningetafuta anayelipa zaidi. Mwenye nyumba dhidi ya mpangaji, bima dhidi ya mgonjwa. Siwalaumu wanaofanya kazi hizo, ni kazi halali. Ila kwa hizo nisingeamka saa kumi alfajiri.

Na ule msaada wa nusu ulikuja na sharti, herufi ndogo ukurasa wa pili: nibaki katika theluthi ya juu ya darasa. Nilisoma sentensi ile kwa macho ya mtoto wa karani. Mwaka wa kwanza wa sheria wanafunzi hupimwa kwa kulinganishwa wao kwa wao. Hata wote wakiwa hodari, theluthi mbili lazima wawe chini. Anayeanguka mwaka wa kwanza analipa ada kamili miaka miwili iliyobaki. ABA, chama cha mawakili cha Marekani ambacho ndicho kinachozithibitisha shule hizi, kinazilazimisha kuchapisha kila mwaka ni wanafunzi wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa msaada wa namna hiyo. Niliutafuta ukurasa wa shule ile. Hawakuwa wachache. Mzazi unayesoma, kama mwanao ana barua ya msaada, kitu cha kwanza muulize kama una sharti, na kisha utafute ukurasa huo.

Wengi huniambia, "Lakini si deni linasamehewa?" Ni kweli upo mpango tangu mwaka 2007: ukifanya kazi serikalini au katika shirika lisilo la faida, ukalipa kila mwezi kulingana na kipato kwa miezi 120, kinachobaki kinafutwa. Watu wamefutiwa, nawafahamu. Kwa mwenye nundu ya kushoto huo ndio mlango wenyewe. Shaka yangu ilikuwa moja: miaka kumi ni mingi kuishi kwa ahadi ya serikali, na serikali hubadilika. Haikupita hata miezi sita tangu nikatae, Oktoba 2025, Wizara ya Elimu ikatoa kanuni ya kuanza Julai 2026, inayompa waziri uwezo wa kuliondoa shirika kwenye mpango huo likionekana lina malengo yaliyo kinyume cha sheria, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni kusaidia uvunjaji wa sheria za uhamiaji. Shirika linaweza kuwa safi kabisa. Lakini wewe mwenye deni la 174,000 utalala kila siku ukijiuliza nani anasoma orodha ya wateja wenu.

Na usifikiri utajitangaza mufilisi mahakamani uanze upya. Madeni ya kadi yanafutika hivyo, ya hospitali pia. Ya shule, tangu sheria ya 1976, iliyokazwa tena 1998 na kuongezwa mikopo ya binafsi mwaka 2005, hayafutiki mpaka umthibitishie hakimu kwamba yamekutia katika dhiki isiyovumilika. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nadhani walikuwa wameiona hii.

Jingine linalotuhusu sisi hasa ni saini. Hadi majuzi mwanafunzi wa sheria mwenye uraia au makaratasi ya ukaazi aliweza kukopa serikalini gharama yote, chochote shule ilichotaka, kwa mkopo ulioitwa Grad PLUS. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeufunga mlango huo kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Anayesomea taaluma kama sheria au udaktari amewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka, na 200,000 kwa jumla. Wengine wanasema hilo litazilazimisha shule kushusha ada. Labda. Mimi ninachokiona ni kijana mwenye upungufu wa 30,000 anayekwenda benki, na benki inamwambia alete mdhamini. Mdhamini ni nani? Ni baba mdogo, ni shemeji, ni yule mama wa jumuiya mwenye nyumba yake Katy. Kwa mila yetu ukiombwa na mtoto wa ndugu yako huwezi kusema hapana mbele za watu. Nasema wazi: saini hiyo si ya kushuhudia, kama ile ya harusini. Ukitia saini deni ni lako, na kijana akikwama benki haitamngoja yeye. Hili tulizungumze katika mikutano yetu kabla ya kuzungumza tutapika pilau ya watu wangapi siku ya uhuru.

Sasa mtu asiseme nimewakataza watoto wa watu kusoma. Mwaka jana kijana mmoja, miaka 23, hana mke wala mtoto, alipewa ada yote bila sharti na chuo cha jimbo. Nilimwambia nenda, na usigeuke nyuma. Binti mwingine alipata mojawapo ya zile shule ambazo kampuni kubwa huja zenyewe kuchukua wanafunzi, na alinitazama usoni akaniambia, "Shangazi, mimi nataka hela." Nikampenda. Huyo deni lake litalipika miaka michache kama atavumilia saa za kazi, na nilimweleza hizo saa ni zipi. Tatizo langu ni na yule anayetaka kazi ya nundu ya kushoto kwa bei ya nundu ya kulia.

Shule ya tatu ndiyo iliyoniuma. Chuo cha serikali, hapa hapa mjini, masomo ya jioni miaka minne. Ningeendelea na ukalimani mchana. Ada kama 30,000 kwa mwaka, na sisi nyumbani tungeweza kujinyima tutoe 8,000. Hapo deni lingekuwa karibu 90,000 kabla ya riba. Nilijiwekea kikomo: deni lisizidi mshahara wa mwaka mmoja wa kazi ninayoitaka, na nikakiteremsha kidogo kwa ajili ya baba na mdogo wangu, nikaandika 60,000. Deni hilo lingelipwa kwa kama 730 kwa mwezi, gari moja jipya. Nikawaandikia kuomba msaada. Watu wengi wetu huona aibu kupatana bei na chuo, kana kwamba hatukuzaliwa sokoni. Ombeni, watu wanaongezewa kila siku. Mimi walinijibu kwa adabu kwamba wanafunzi wa jioni hawana fungu. Siku ya mwisho ya kulipa amana ilipita nikiwa hospitalini nakalimania mtu wa figo.

Nilichofanya badala yake wengi hawakijui. Sheria ya Marekani inaruhusu mtu asiye wakili kumwakilisha mhamiaji, mradi yuko chini ya shirika lisilo la faida linalotambuliwa na Wizara ya Sheria, na yeye mwenyewe ameidhinishwa na wizara hiyo. Unaonyesha mafunzo, uzoefu na tabia njema. Kibali kina ngazi mbili: cha sehemu, kwa ajili ya maombi yanayopelekwa idara ya uhamiaji, na kamili, ambacho kinakuingiza hadi mahakamani. Kinadumu miaka mitatu na kinaongezwa. Nilijiunga na shirika dogo hapa mjini, nikasoma kozi zao mwaka 2025, gharama haikufika hata ya muhula mmoja wa vitabu, na kibali cha sehemu nikakipata miezi kadhaa baadaye. Mshahara wangu ni mdogo kuliko zamani, kwa kuwa saa za ukalimani zimepungua; na mtu wa shirika letu simkalimanii mahakamani, haifai.

Lakini ofisini namuuliza mama swali la pili. Na la tatu. Juzi mmoja alinyamaza karibu dakika tano, kisha akaanza kusema, nami nikaandika.

Siku nyingine bado niko kwenye kile kiti cha mahakamani, nimeapa, nimefunga mdomo, mtu mwingine yuko peke yake mbele ya hakimu. Hilo halijaondoka, na siku hizo nikirudi nyumbani mume wangu hunitazama tu na kuniachia jiko.

Baba nilimweleza yote kwa simu, mlolongo mzima, kibali na wizara na fomu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo wewe ni karani kama mimi." Nikacheka, naye akacheka, halafu akaniuliza ile mahakama kuu nitaingia lini.

Alama za LSAT hukubaliwa kwa takriban miaka mitano. Zangu ni za 2024. Nimeiandika tarehe ya mwisho ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na chini yake nimeandika 60,000.